Usimalize kulipa kabla faili halijafika kwa Msajili wa Hati

Hati imetoka. Kiwanja kipo Toangoma, Temeke, na jina lililoandikwa ni langu, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Si la mume, si la kaka, si la "familia". Niliituma picha ya jalada lake kwenye kundi letu la vicoba na tangu siku hiyo simu haipumziki. Kila mtu anauliza, "Ulipitia kwa nani?" Wanasubiri nitaje jina la mtu wa ofisini. Sina mtu. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wanunuzi wengi hukiachia mapema mno: sehemu ya hela ya muuzaji ilikuwa bado mkononi mwangu.

Najua unayesoma hapa unataka kwako. Umechoka na mwenye nyumba anayepandisha kodi kila Januari, na una akiba uliyoificha hata ndugu hawaijui. Kwa hiyo sitapoteza muda kukushawishi ununue. Nataka nikwambie kuhusu kilichoanza baada ya kukubaliana bei, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Mimi nimekulia Mbagala, kwenye nyumba ambayo mama aliinunua kwa mauziano yenye mhuri wa ofisi ya mtaa na saini za mashahidi. Muuzaji alipofariki, wanawe walikuja na kusema baba yao alikodisha, hakuuza. Mashahidi wengine walikuwa wameshatangulia mbele za haki, aliyebaki akasema hakumbuki. Tulihama. Ile karatasi mama anayo hadi leo, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi zetu za kliniki. Basi nikisikia mtu anasema "mhuri wa mtaa unatosha", nanyamaza kwanza ili nisimjibu vibaya.

Mauziano yana kazi yake, tusiyadharau. Yanakufunga wewe na aliyekuuzia. Lakini kiwanja kikishasajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inataka uhamisho uandikishwe kwa Msajili wa Hati ndipo milki ihame. Hadi siku hiyo, kwenye daftari la serikali mwenye kiwanja ni yule yule wa zamani, hata kama umeshajaza kifusi na kupandisha ukuta. Anaweza kufariki, ukaanza kumsubiri msimamizi wa mirathi ambaye familia haijakubaliana awe nani. Anaweza kudaiwa. Anaweza kukiuza tena kwa mtu mwenye haraka kuliko wewe.

Kiwanja cha kwanza nilichokipenda kilikuwa Bunju. Barabara nzuri, umeme upo, hati mkononi, muuzaji mcheshi kabisa. Dalali alinipigia usiku na asubuhi: "Mama, kuna Mchaga anakuja na keshi saa nne." Nikamwambia aje tu, mimi naomba nakala ya hati nikafanye upekuzi. Upekuzi ni ombi la kawaida kwenye ofisi ya ardhi: unapeleka namba ya hati, unapewa namba ya malipo, unalipa ada, kisha unapewa karatasi inayosema mwenye kiwanja ni nani na kina mzigo gani. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Jina sawa, ukubwa sawa, na chini kabisa mstari mmoja: rehani, na jina la benki.

Muuzaji aliponiona nimeishika hakushtuka. Akasema mkopo umebaki kidogo, nimpe hela amalizie, kisha atanihamishia. Inawezekana alisema kweli. Nilimwambia tukae watatu, mimi, yeye na benki, hela yangu iende moja kwa moja kwenye deni na benki iondoe rehani kwa maandishi. Akakasirika. Dalali naye akaniambia nina roho ya kichawi, sitamaliza kujenga maishani. Nililia kwenye bajaji, sikatai, maana kile kiwanja nilishakipangia mpaka rangi ya geti.

Katikati hapo nilitazama vingine. Kuna mahali ofisi ya mtaa iliniambia nikinunua lazima niache asilimia 10 ya bei kwao. Niliuliza ni sheria gani na kama nitapewa risiti ya serikali. Wakasema watanipigia. Nasubiri.

Toangoma ni kati ya maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, ndiyo maana huko unaweza kukuta hati za watu wa kawaida kabisa, walimu, wauguzi, madereva wa serikali. Mzee aliyeniuzia alikuwa mstaafu. Upekuzi ulitoka safi. Nilimlipa mpima akaja na ramani tukatafuta bikoni zote nne, zile alama za mipaka. Moja ilikuwa imefunikwa na takataka za jirani, tukaichimbua kwa jembe hadi namba yake ikaonekana. Kodi ya pango la ardhi mzee alikuwa hajalipa miaka kadhaa. Tuliandika kwenye mkataba kwamba deni hilo ni lake, maana ukinyamaza linakuja na kiwanja.

Kisha nikauliza habari za mke. "Mke wangu hana neno," akasema. Nikamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hilo neno ambalo hana naomba aje anieleze mwenyewe." Sikuwa namtania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenza ameridhia. Wajibu ni wa mnunuzi! Yaani huwezi kusimama kwenye baraza la ardhi ukasema hukuambiwa.

Yule mama alikuja ofisini kwa wakili na kanga yake na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma mkataba kwa kidole, mstari kwa mstari, wakili akitazama saa. Alipomaliza akauliza swali moja: "Hizi hela zinaingia akaunti ya nani?" Mzee akakohoa. Mazungumzo yaliyofuata sikuruhusiwa kuyasikia, walitoka nje wote wawili, lakini waliporudi mkataba ulirekebishwa na akaunti zikawa mbili. Ndipo akasaini ridhaa.

Bei ilikuwa shilingi milioni 32. Nilisema nitalipa milioni 24 tukisaini, na milioni 8 zitabaki mpaka afanye mambo matatu: asaini fomu zote za uhamisho, alipe kodi inayomhusu, na faili lipokelewe kwa Msajili. Alikataa. Akasema hajawahi kuona mtu anauza mali yake kwa mafungu kama kitanda cha mninga. Nikamwongezea laki 5 juu ya bei kwa ajili ya kusubiri kwake. Shoga zangu wa vicoba walinicheka sana kwa ile laki 5. Mmoja alinibatiza jina, Mama Makaratasi, na lilidumu. Yeye alinunua kipindi hicho hicho, akalipa yote siku moja, akaweka msingi kabla mimi sijamaliza hata uthamini. Aliniita kwenye shughuli ya kumwaga zege nikaenda, nikabeba na soda.

Sasa sikiliza kwa nini ile milioni 8 ilikuwa muhimu. Baada ya mkataba kuna fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, na kila moja inamtaka muuzaji: saini yake, picha zake za pasipoti, NIDA yake, TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Mthamini anakuja kutazama, na ripoti yake inapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Unaomba kibali cha kuhamisha milki. Kisha TRA, mamlaka ya mapato. Muuzaji aliyekwishapewa hela yote hana sababu ya kupanda daladala kwa ajili yako. Simu ataipokea wiki ya kwanza, ya pili atakuwa msibani, ya tatu namba haipatikani.

Mzee wangu naye alifika hapo hapo. Uthamini ulitoka milioni 36, juu kuliko tulivyouziana. Kwa kuwa hakuwa na risiti wala kumbukumbu za gharama zake, kodi yake ya ongezeko la mtaji, ile anayotozwa mtu akiuza mali, ilikuwa asilimia 3 ya kiasi kilicho kikubwa kati ya bei na thamani iliyoidhinishwa. Shilingi 1,080,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 10 ya faida, akiwa mkazi. Alipiga simu akifoka: "Nilipe kodi ya milioni 36 ambazo sijaziona?" Nikamwelewa, kwa kweli nilimwelewa, ila kodi hiyo ni ya anayeuza na ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye mkataba. Mimi nilikuwa na ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani, ada za usajili na gharama za mthamini. Wauzaji wengi watakwambia "kodi zote za mnunuzi, ndivyo inavyofanyika mjini". Mjini kila kitu kinafanyika. Kama mnakubaliana uzibebe wewe, sawa, basi zipunguze kwenye bei tangu mwanzo, maana bila uthibitisho wa TRA kuwa kodi ile imelipwa, uhamisho hausajiliwi na faili lako linalala hapo.

Mzee alinuna kabisa. Aliyemtoa ndani ni mkewe. Sehemu ya ile milioni 8 ilikuwa iingie akaunti yake yule mama, na alikuwa ameshaagiza mabati ya nyumba ya mama yake kijijini. Alimsindikiza TRA mwenyewe, akanitumia picha ya risiti kabla hata mzee hajafika nyumbani. Faili lilipopokelewa nikawalipa siku ile ile, pamoja na laki 5 yao. Sina kesi na mtu.

Kusubiri kwenyewe nisikuchoshe nako. Utaambiwa faili lipo mezani, kisha lipo meza nyingine. Andika namba ya faili, hifadhi kila risiti, uwe na adabu na uwe king'ang'anizi.

Ndugu zangu, hasa akina mama, acheni kuona aibu kuuliza karatasi. Aibu hiyo ndiyo inayotuuza. Tunakagua kitenge dukani hadi upindo, tunakinusa, tunakivuta, halafu tunatoa milioni 30 kwa kuambiwa "mimi ni mtu wa dini". Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukifanya upekuzi. Wa kwangu alinuna kwa sababu ya kodi, kwenye upekuzi hakusema kitu. Na hela ya mwisho ibaki kwako mpaka saini ya mwisho. Akikataa katakata hata ukimwongezea, jiulize ana haraka ya nini. Yule shoga yangu wa zege ananitafuta siku hizi, anataka namba ya wakili wangu. Nimempa. Muuzaji wake yupo Mwanza, au ndivyo anavyosema akipokea.

Kuna mdogo wangu mmoja, kwa umri si kwa damu, anayefanya kazi za ndani Muscat ameniandikia ujumbe mrefu. Alimtumia kaka yake hela za kiwanja huko Chanika, hakijapimwa, na mauziano yameandikwa jina la kaka. "Ni kaka yangu wa tumbo moja, da' mkubwa, nitaanzaje?" Anauliza kama hilo ni tatizo.

Mdogo wangu, ni tatizo, na halihusiani na kumpenda au kutompenda. Kaka yako akifariki leo, hicho kiwanja ni mirathi ya mkewe na wanawe, na hawatakuwa wezi, watakuwa wanafuata karatasi. Muuzaji bado yupo hai, umesema mwenyewe. Basi yaandikwe mauziano mapya kwa jina lako mbele ya wakili, kaka yako asaini kuwa hela ilikuwa yako na hana dai, na yale ya zamani yabatilishwe kwa maandishi. Kama huwezi kuja, tengeneza hati ya uwakilishi na uithibitishe ubalozini Muscat. Hapo mwakilishi atasaini kwa niaba yako, si kwa jina lake. Fanya hivyo kabla wapimaji wa urasimishaji, wanaopima makazi ambayo hayajapimwa ili yapate hati, hawajafika mtaani kwenu, kwa sababu jina watakaloandika siku ya kutambua mipaka ndilo litakalosafiri kwenye ramani hadi kwenye hati, na kulibadilisha baadaye ni kuanza tena fomu, uthamini na TRA.

Umesema mwezi ujao unamtumia hela ya matofali. Isubirishe. Nitumie picha ya hayo mauziano nione yameandikwaje, ila funika namba za NIDA.