Ukianza kazi ya maji ya chumvi, anza na kipimajoto

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye maabara za huku Mbeya, wengi wenu mnafika mkidhani maji ya chumvi ni kazi nyepesi. Chumvi ya dukani, maji ya bombani, koroga, pima, andika, kuna nini tena? Kuna mengi. Na mengi yake yanaanzia hapa: namba ya maji ya chumvi isiyoandikwa joto lake pembeni haina faida kwa atakayeisoma kesho.

Chukua haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maji na kuonyesha uzito wake. Nyingi zimetengenezwa zisomwe kwenye nyuzijoto 20, na imeandikwa kwenye shingo yake kwa herufi ndogo ambazo hamzisomi. Maji yenye chumvi asilimia 20 kwa uzito, yakiwa nyuzi 20, yana densiti (gramu kwa kila mililita) ya 1.148 hivi. Yapashe yafike nyuzi 60: chumvi ni ile ile, lakini haidromita inazama zaidi na kukusomea kama 1.127. Ukikimbilia jedwali la nyuzi 20 utaandika asilimia 17 na nusu. Chumvi haikwenda popote, maji yamepanuka tu. Sasa fikiria aliyechota kwenye chemchemi ya moto akapima papo hapo, halafu mwenzake akapima chupa ile ile asubuhi ya Julai, maabara ikiwa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Watabishana wiki nzima.

La pili ni mizani. Gramu 100 za maji kwenye joto la kawaida hubeba chumvi gramu 36 hivi, kisha hushiba. Kila mwaka kuna anayeandika kwamba maji yaliyoshiba yana chumvi asilimia 36. Hapana: gramu 36 ndani ya gramu 136 ni asilimia 26 na kidogo. Pipeti, mrija wa kupimia ujazo, nayo inadanganya kwa njia yake. Mililita 10 za maji hayo zina uzito wa gramu 12, siyo 10, na ndani yake mna chumvi gramu 3.2 hivi. Mimi ukiniletea mmumunyo uliopunguzwa makali kwa pipeti peke yake, bila kupima uzito, nitakurudisha. Si ukali, ni kukuokolea muda.

Mchemko usiwape shida. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji matupu huchemka hapa karibu na nyuzi 94. Yaliyoshiba chumvi, ambayo pwani yangechemka karibu na 109, huku yanachemka kwenye 103 hivi. Kipimajoto chako ni kizima, usikitupe.

Kazi yenyewe iko kwenye sampuli za asili, na kanda hii imejaliwa. Chemchemi za Songwe zina maji ya moto yaliyobeba gesi ya kaboni dayoksaidi. Yakitoka juu gesi inatoroka, pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, asidi imepungua) inapanda, chokaa inaganda. Mawe yale mnayoyaona pale yamejijenga hivyo hivyo. Maana yake pH ipimwe pale pale chemchemini. Ukiibeba hadi mjini utakuwa umepima maji mengine.

Bonde la Rukwa ni somo lake. Ziwa halina mto wa kulitoa maji, kwa hiyo jua linachukua maji na chumvi zinabaki, magadi yakiwemo. Ivuna, upande wa kusini wa bonde, watu walichemsha chumvi kwa karne nyingi kabla hatujawa na maabara. Ila bonde lile liko mita 800 hivi tu juu ya bahari, joto, na chupa yako inapanda kuja kwenye baridi ya Mbeya. Chumvi ya mezani haijali sana safari hiyo: kuyeyuka kwake hakubadiliki sana kati ya baridi na moto. Magadi yanajali. Gramu 100 za maji hubeba kama gramu 21 za kaboneti ya sodiamu, ndiyo kiini cha magadi, kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 0 ni gramu 7 tu. Kwa hiyo sampuli nzito ya magadi inaweza kuachia fuwele chini ya chupa, nawe ukamimina maji ya juu na kuipima nusu yake. Kabla ya kufungua, inua chupa mbele ya dirisha uangalie kitako. Ukiona fuwele, pasha taratibu, tikisa, ndipo umimine.

Kukausha sampuli ili upime chumvi iliyobaki pia kuna mitego. Fuwele za chumvi hufungia tone la maji ndani. Moto ukizidi zinapasuka na kuruka nje ya bakuli kama bisi, na uzito wako unaruka nazo. Funika. Bikaboneti ikipata joto inageuka kaboneti na kupoteza uzito, na kloridi ya magnesi inang'ang'ania maji, kwa hiyo masalia ya Rukwa msiyasome kama ya chumvi safi.

Wanaouliza haya yote yana kazi gani huku milimani, waangalie viazi mviringo. Changanya maji ya chumvi ya densiti 1.08, yaani asilimia 11 hivi, tumbukiza viazi: vyenye unga mwingi vinazama, vya majimaji vinaelea. Mkaanga chipsi anavitaka vilivyozama. Mbegu za mpunga nazo huchaguliwa kwa njia hiyo hiyo, na densiti ya 1.13 hutumika, zilizozama zioshwe kwa maji safi mara moja kabla ya kulowekwa.

Na kama kipimaunyevu chenu hakiaminiki, msisubiri bajeti. Weka chumvi safi kwenye kikopo, iloweshe maji kidogo ibaki uji wenye chembe, ifungie pamoja na kipima ndani ya chombo kisichopitisha hewa, acha hadi kesho. Hewa ya ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kikisoma 68, andika tofauti hiyo kwenye karatasi, ibandike mgongoni mwake, endelea na kazi.