Video ya kamera ya barabarani: iombe kwa barua, na usiitume kwenye kundi

Ajali ikitokea kati ya Malaba na Kampala, hapa Uganda, watu wanaanza kwa kuangalia juu ya milingoti kama kuna kamera. Wakiiona wanatulia, wanaamini ushahidi upo na utawasubiri. Nasimamia malori ya mizigo kwenye njia hiyo, na nimefuatilia video za ajali kwa polisi, kwa vituo vya mafuta na kwa wenye maghala. Naomba dereva na mwenye gari wajue hivi: video haikusubiri, na hupewi kwa sababu tu umegongwa.

Kamera unazoziona njiani hazina mwenyewe mmoja. Za polisi jijini Kampala zilianza kufungwa kwa wingi mwaka 2018, baada ya mauaji ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi Machi 2017. Vifaa vilitoka kampuni ya Huawei, na kituo kikuu cha kuzitazama kiko Naguru. Barabara ya kulipia ya Kampala kwenda Entebbe ina kamera zake. Kisha kuna za kituo cha mafuta, za benki, za ghala, za duka la vipuri. Kila mwenye kamera ana utaratibu wake. Nyingi hufuta rekodi ya zamani diski ikijaa, na diski ndogo hujaa upesi. Nyingine hazirekodi kabisa. Huko Marekani, idara ya barabara ya jimbo la Washington huwaonyesha wananchi picha za kamera zake ili waone msongamano, lakini inasema wazi kwamba hairekodi. Kwa hiyo ukifika kwa mwenye kamera, usianze kwa kusema "nipe video". Uliza: kamera hii inarekodi? Rekodi inakaa siku ngapi? Nani ana ruhusa ya kuitoa?

Siku hiyo hiyo acha barua. Hata kama bado hujui nani mwenye makosa, hata kama dereva bado yuko hospitali. Barua ya kwanza haiombi kupewa video, inaomba isifutwe. Mlinzi wa kituo cha mafuta hana mamlaka ya kukupa kitu, lakini meneja wake akishapokea barua yenye tarehe na akaweka sahihi kwenye nakala yako, jambo limebadilika. Kwa polisi, barua iende kwa afande OC, yaani mkuu, wa kituo cha eneo, ikiwa na namba ya SD, ile inayoandikwa kwenye kitabu cha kituo ukiripoti. Andika mahali penyewe: "karibu na Lugazi" haitoshi, taja upande wa barabara na gari lilikuwa linaelekea wapi.

Na saa! Hapa nimeona watu wengi wakipoteza ushahidi. Dereva anasema ajali ilitokea saa mbili usiku, karani anaandika saa 2, mwenye mitambo anatafuta kwenye kompyuta saa 2:00, yaani saa nane usiku, anajibu kwamba hakuna kitu. Andika zote mbili: saa mbili usiku, 20:00. Omba nusu saa kabla na nusu saa baada, kwa sababu saa za kamera nyingi hazikurekebishwa tangu siku zilipofungwa.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, iliyotokana na Ibara ya 41 ya Katiba, inamruhusu raia kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ila neno raia ni zito. Madereva wetu wengi ni Wakenya, na mlango huo si wao. Wao, kama sisi sote, wanaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zinazomhusu yeye mwenyewe, iwe zimeshikwa na serikali au na kampuni binafsi. Ukizungushwa, kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, inayopokea malalamiko. Usitishike ukiambiwa kwamba video ina sura za watu wengine. Hiyo ni hoja halali, na jibu lake ni kuomba sura hizo zifichwe, au video ikabidhiwe kwa mpelelezi wa kesi au mahakama badala ya wewe.

Njia ya mkato ninaifahamu, kila mtu anaifahamu: unampata kijana anayekaa kwenye chumba cha kamera, anarekodi kioo kwa simu yake, unampa kitu kidogo, anakutumia kwa WhatsApp. Usiifanye. Kutoa data ya watu bila idhini ni kosa chini ya sheria hiyo ya 2019, na kifungo kinaweza kufika miaka 10. Mabadiliko ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, yaliyosainiwa Oktoba 2022, yalikwenda mbali zaidi na kugusa hata kumrekodi mtu na kusambaza habari zake bila ruhusa. Yalipingwa mahakamani tangu mwanzo, nami naona yaliandikwa kwa upana wa kutisha, lakini wewe dereva huna haja ya kuwa kesi ya kuyapima. Halafu video ya namna hiyo haina nguvu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaitaka mahakama iangalie jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, na kama inaaminika. Kioo kilichopigwa kwa simu, kikabanwa na WhatsApp, kikapita mikono ya watu wasiojulikana, kinajibu nini hapo?

Lakini sheria pekee isingenifanya niandike haya. Mmoja wa madereva wetu alihusika kwenye ajali iliyomuua kijana wa boda boda. Kabla ya jioni, kipande cha video kilikuwa kwenye makundi ya madereva na ya wafanyabiashara wa mji ule. Kilianzia pale pikipiki inapoingia chini ya lori. Dada wa marehemu alikiona kwenye simu ya jirani kabla hajapigiwa na mtu yeyote. Alikuja ofisini kwetu baadaye na mjomba wake, na alichotaka kujua si fidia. Aliuliza: "Mzee, ni nani aliyeona ni sawa kuituma video ile?" Sikuwa na jibu la kumpa dada yule. Namba ya usajili ya lori ilionekana wazi kwenye kipande hicho, na tanboi wetu, msaidizi wa dereva, alitishiwa aliporudi kuchukua nguo zake. Rekodi nzima, tuliyoipata kwa barua kupitia mpelelezi, ilionyesha trela jingine limesimama barabarani bila alama wala taa, na kijana alikuwa analikwepa. Sehemu hiyo ndiyo iliyokatwa.

Mtu akikutumia video ya maiti barabarani, isimame kwako. Kama unajua ilikotokea, mpelekee afande anayeshika kesi, usimpelekee rafiki. Hata picha za notisi za faini ni vivyo hivyo: Juni 2025, mfumo wa faini za kamera ulipoanza na kusimamishwa muda mfupi baadaye kwa malalamiko ya wananchi, watu walibandika notisi zao mtandaoni zikiwa na namba za magari wazi. Kulalamika ni haki yao, ila namba ingefunikwa kwanza.

Kwa wenye malori mnaofunga kamera zenu kwenye dashibodi, elekezeni kamera barabarani. Ikiwepo ya kumwangalia dereva, aambiwe kwa maandishi na mfunge tangazo ndani ya kichwa cha lori, na kampuni ijiandikishe kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data. Dereva asiwe na uwezo wa kutuma video kutoka kwenye kifaa. Baada ya ajali, kadi itolewe na mtu mmoja, iandikwe saa na jina lake, itiwe kwenye bahasha na kufungwa. Nakala iende kwa wakala wa bima anayeshughulikia Yellow Card ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka. Kadi yenyewe ibaki kabatini mpaka polisi waitake kwa maandishi, na anayeichukua asaini.