Muulize Shangazi: "Santa anairuka nyumba yao"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tangu Agosti nalea watoto wawili wa familia ya Kiyahudi hapa Chicago. Desemba imeingia, mtaa mzima umejaa taa na miti ya Krismasi, nyumba yetu iko vilevile. Juzi yule mdogo wa miaka mitano aliniuliza kwa nini Santa anairuka nyumba yao. Huruma ilinishika. Nataka nimnunulie gari la kuchezea nimwambie Santa alipita usiku. Nitakuwa nimekosea?
Yaya, Chicago

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya.

Nililea watoto miaka tisa Skokie, hapo hapo kaskazini mwa Chicago. Desemba yangu ya kwanza nilimnunulia mtoto kofia nyekundu ya Santa. Mama yake alirudi kutoka kazini akamkuta nayo kichwani. Hakunigombeza. Alingoja watoto walale, akanimiminia chai, akaniambia kwamba mwezi huo mzima, dukani, shuleni, hata kwa daktari wa meno, wanawe huulizwa Santa atawaletea nini. Nyumbani ndiko pekee wasikoulizwa. Usiku ule nililia, maana nilikuwa nimeuingiza mlangoni mzigo ambao yeye alikuwa anauzuia nje.

Swali la mtoto mpelekee mama yake leo leo. Jibu ni la wazazi. Pale Skokie walimwambia Santa ni wa sikukuu ya wengine, nzuri kwao, na asiwaharibie wenzake shuleni wanaomwamini. Mtoto aliibeba siri hiyo kwa heshima kubwa.

Halafu ngoja Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa. Huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislev. Hufuata mwezi kama Ramadhani yetu ya pwani, ila wao huongeza mwezi mzima miaka fulani, ndiyo maana kila mwaka huanza Novemba au Desemba. Mwaka 2013 iliangukia siku ya Shukrani ya Wamarekani, tukala bata mzinga na kuwasha mshumaa wa pili jioni ileile. Wala usiiite Krismasi ya Wayahudi. Kwao ni sikukuu ndogo, watu huenda kazini kama kawaida. Pasaka yao na Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubu, ndizo kubwa.

Ni usiku nane, kukumbuka mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane Hekaluni Yerusalemu. Kila usiku mshumaa mmoja huongezwa, pamoja na ule mtumishi unaowasha mingine, ndiyo maana boksi lina mishumaa 44. Hupangwa kuanzia kulia, lakini huwashwa ule mpya kwanza. Mwombe mdogo akufundishe. Atafurahi kuliko kupewa gari, kwa kuwa siku hiyo yeye ndiye mwalimu.

Jikoni utawafaa sana. Viazi na kitunguu vya latke, chapati za viazi za Hanuka, hukwanguliwa, kisha hukamuliwa kwenye kitambaa kama unavyokamua tui, ukali uleule wa mkono, la sivyo chapati zake zinalowa mafuta. Huliwa na rojo la tofaa au krimu chachu. Kama mezani kuna nyama, krimu ibaki kwenye friji, maana kwao nyama na maziwa havichanganywi.

Na mishumaa hukaa dirishani, ionekane na wapita njia. Niliwahi kumuuliza mama yule kama haogopi. Akanisimulia ya Billings, Montana, Desemba 1993: tofali lilirushwa dirishani mwa chumba cha mtoto wa Kiyahudi, palipokuwa na picha ya menora, kile kinara cha mishumaa ya Hanuka. Gazeti la mji likachapa menora ukurasa mzima, na maelfu ya familia zisizo za Kiyahudi zikaibandika madirishani mwao. Tangu hapo nilipopita nje jioni nilikuwa nalitazama dirisha letu kwa namna nyingine.

Krismasi yako isherehekee bila kujificha. Mwaka 2016 usiku wa kwanza wa Hanuka ulikuwa Jumamosi, Desemba 24. Nilikwisha vaa koti niende misa ya mkesha, mtoto akanishika mkono: nisubiri kwanza. Sabato ikaisha, wakaomba, wakawasha. Basi likanipita. Baba yao akanipeleka kwa gari hadi kanisani, na mtoto amekaa nyuma na sarafu zake za chokoleti. Aliponiona nashuka akanipa mbili, moja yangu, moja ya "mtoto wenu anayezaliwa leo."