Re: Nimekwama na makala ya Hugh Hefner

Salaam mkuu. Umesema ukimsifu Hefner, mwanzilishi wa jarida la picha za utupu la Playboy, unaona unawaonea wanawake, ukimponda unaona umeruka mazuri yake. Nami nilikwama hapohapo nilipoandaa kipindi cha redio baada ya kifo chake Septemba 2017, akiwa na miaka 91.

Acha kumpima kwa jumla, shika tukio moja. Anza na toleo la kwanza, Desemba 1953. Picha ya utupu ya mwigizaji Marilyn Monroe ndiyo iliyoliuza, lakini Hefner aliinunua kwa kampuni ya kalenda. Monroe alikuwa amelipwa dola 50 tu na mpiga picha mwaka 1949. Playboy haikumpa hata senti. Halafu mwaka 1992 Hefner huyohuyo akanunua kaburi la kando ya la Monroe kule Los Angeles, kwa dola 75,000! Mimi hapo nilishapata nusu ya kipindi.

Mahojiano ya jarida hilo usiyaruke: mwandishi Alex Haley alimhoji mwanamuziki wa jazz Miles Davis 1962, kisha wapigania haki za Wamarekani weusi, Malcolm X 1963 na Martin Luther King 1965, kurasa kwa kurasa. Ila 1963 hiyohiyo mwandishi wa habari Gloria Steinem alijifanya mhudumu kwenye klabu ya Playboy ya New York, akaanika ujira mdogo na miguu iliyovimba kwa viatu virefu.

Madai ya unyanyasaji dhidi ya Hefner yaliyorushwa kwenye televisheni 2022 yaandike kama madai, maana marehemu hajibu. Lakini taja pia kwamba kampuni ya Playboy yenyewe ilijitenga naye hadharani mwaka huo.