Plasta Ilimharibu Mume Wangu Mkono: Je, Tungojee Baraza au Twende Mahakamani?

SWALI: Kwa wakili wa jarida, salamu. Mume wangu ni seremala hapa Nakuru. Miezi minane iliyopita alianguka kutoka kwenye paa, akavunjika mkono wa kulia na kufungwa plasta katika hospitali ya kaunti. Usiku huohuo alianza kulalamika kwamba maumivu yanazidi na vidole vinavimba na kufa ganzi, lakini kila tulipomwita mhudumu tuliambiwa kwamba mfupa uliovunjika lazima uume. Plasta ilikatwa siku ya tatu. Sasa vidole vimejikunja na hawezi kushika randa. Hospitali inasema itatusamehe bili iliyosalia iwapo tutatia sahihi barua ya kukubali kwamba mambo yameisha. Jirani anatushauri tupeleke malalamishi kwa baraza la madaktari kisha tungojee uamuzi. Tufanye nini?
Mke wa seremala, Nakuru

JIBU: Dada, poleni kwa yaliyowapata. Katika barua yako, jambo lililonishtua kwanza ni ile miezi minane. Dai la fidia kwa madhara ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, na wengi hutulia wakitegemea hesabu hiyo. Serikali inaposhtakiwa, hata hivyo, sheria inayohusu mamlaka za umma hutoa miezi 12 tu. Kwa kuwa hospitali ya kaunti iko chini ya serikali ya kaunti, jihesabuni kuwa mmebakiwa na miezi 4, na mwendeeni wakili wiki hii.

Kwa hiyo ushauri wa jirani unafaa, ila hilo la kungojea ndilo baya. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno huchunguza mienendo ya madaktari na hospitali, na linaweza kumwadhibu daktari hata kwa kumsimamishia leseni. Kupeleka malalamishi huko hakusimamishi muda wa kwenda mahakamani. Pia ulizieni ni nani hasa aliyefunga plasta na ni nani aliyekuwa zamu, maana maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao.

Barua ile msiitie sahihi kabla wakili hajaisoma. Kusamehewa bili ni jambo moja, na kuachilia dai la mkono unaowalisha ni jambo jingine kabisa. Hospitali inayoyafunga mawili hayo katika karatasi moja inajua inachokitafuta.

Kazi mnayoweza kuianza kesho ni ya kupata faili. Mumeo amwandikie msimamizi mkuu wa hospitali akiomba nakala za rekodi zake zote, atie sahihi mwenyewe kwa kuwa ni siri zake, kisha nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Msiridhike na karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani pamoja na picha za eksirei. Ombeni hasa maandishi ya wauguzi ya siku zile tatu, ambayo huandikwa pamoja na saa. Ikiwa saa nane za usiku iliandikwa kwamba mgonjwa analalamikia ganzi na hakuna aliyeitwa, ukurasa huo una uzito kuliko ushahidi wa jamaa kumi. Na ikiwa hakuna kilichoandikwa usiku kucha, hilo nalo ni swali ambalo hospitali italazimika kulijibu.

Faili hiyo ipelekwe kwa daktari bingwa wa mifupa asiye wa hospitali hiyo. Mahakama haitatosheka na kuuona mkono ulioharibika. Itataka kujua kama mhudumu makini angeilegeza plasta mapema, na kama kuchelewa huko, wala si kule kuanguka, ndiko kulikoua misuli. Hapo ndipo kesi nyingi za aina hii huanguka, hata pale ambapo uzembe unaonekana wazi kwa macho ya familia.

Wekeni risiti zote, zikiwemo za nauli, kwa sababu gharama isiyothibitishwa hairudishwi. Kwa mapato yaliyopotea, daftari la wateja na taarifa za M-Pesa zitasaidia.

Kuhusu ada, wakili hakubaliwi kisheria kuwekeana nanyi mapatano ya kulipwa pale tu mtakaposhinda, kwa hiyo mjihadhari na dalali yeyote wa langoni mwa mahakama anayewaahidi kesi ya bure kwa asilimia fulani. Msipokuwa na uwezo wa kulipa, ombeni usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na katika ombi lenu mtaje tarehe ambayo plasta ilifungwa ili anayelipokea aone jinsi muda ulivyobaki mchache.