1,000,001 sio namba tasa

Mkuu umeuliza kama 1,000,001 ni namba tasa, yaani inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Hapana, sio tasa, inagawanyika kwa 101 na jibu ni 9,901 bila baki. Huhitaji hata kalkuleta, chukua 9,901 zidisha kwa 100 unapata 990,100 alafu ongeza 9,901 moja tena, inafika palepale. Vigawo vyake ni vinne tu, 1, 101, 9,901 na yenyewe, maana 101 na 9,901 zote ni tasa.

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Tabora na hii naipenda sana kuwapa vijana kwa sababu tasa zote 25 zilizo chini ya 100 hazigawi kabisa, mtu anajaribu 3, 7, 11, 13 anachoka anasema basi hii tasa, kumbe kwa namba kubwa hivi inabidi ujaribu tasa zote mpaka karibu na 1,000 (kipeuo chake cha pili) ndo uwe na uhakika.

Ila kama unataka tasa ya kwanza baada ya milioni moja ni 1,000,003, hiyo haina ubishi.