Kaparachuti ka kwenye muvi kanaweza kumshusha mtu kweli?

Swali: Habari mtaalamu, kwenye katuni mtu anaruka na kaparachuti kadogo kama mwavuli wa mvua na anatua taratibu, hata muvi za vita naona kitambaa hakizidi shuka la kitanda. Inawezekana? Na kwa nini wanakaonesha kadogo hivyo? Mwanangu wa miaka 7 anataka kuruka na mwavuli kutoka juu ya banda.

Jibu: Mkuu, kabla ya yote ficha huo mwavuli leo leo, kutoka kwenye banda hata muda wa kumpunguzia mwendo haupo, atavunjika mguu bure. Na asikudanganye na mwanasesere wake anayeshuka vizuri na mfuko wa nailoni, yule hana uzito.

Haiwezekani kabisa. Mimi kazi yangu ni kukagua na kufunga parachuti, na cha kwanza tunachouliza ni kilo za mtu, ndo tunachagua kitambaa. Zile za duara za wanajeshi zina upana wa mita 10 hivi, na bado unashuka kama mita 6 kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka ukuta wa karibu mita 2, ndo maana wanafundishwa kubana miguu na kuangukia ubavu. Sasa punguza upana uwe nusu, eneo linabaki robo, mwendo unakuwa mara mbili, na kishindo mara nne, yaani kama umejirusha ghorofa ya pili. Mwavuli wa mita 1, hata usipopinduka (na utapinduka), mtu mzima anafika chini akiwa na zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Hata André-Jacques Garnerin aliporuka kutoka kwenye puto pale Paris mwaka 1797, kitambaa chake kilikuwa na upana wa mita 7 hivi, na aliyumba vibaya sana.

Ila kaparachuti kadogo kapo kweli. Ukienda kuruka Diani, pwani ya Kenya, ukiwa umefungwa pamoja na mkufunzi, kanatangulia kutoka kamoja ka kama mita 1 na nusu, na mkiwa nako bado mnaanguka karibu kilomita 190 kwa saa! Kazi yake ni kuwapunguzia mwendo halafu kuvuta lile kubwa litoke. Na haya ya mstatili ya siku hizi ni madogo kuliko ya duara kwa sababu ni bawa, yanaruka kwenda mbele, ukikaribia chini unavuta breki, lakini la mwanafunzi bado ni mita za mraba 20 na zaidi, sebule nzima hiyo.

Kwa nini wanakaonesha kadogo, ni sababu ya picha tu. Kamba za yale ya jeshi zina urefu wa mita 7 na ushee, ukitaka kitambaa chote kionekane, mtu anabaki kidoti na sura ya staa haionekani, kwa hiyo wanakata kamba na kitambaa.